Tarakimu ulizopima na tarakimu ulizopewa na kikokotoo

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, ripoti yangu ya kwanza ya maabara ilirudi na duara jekundu kuzunguka jibu, na pembeni swali fupi: "Hizi umezitoa wapi?" Nilikuwa nimetafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, kwa pendulamu, nikaandika 9.816966 m/s². Kwangu lile lilikuwa jibu zuri mno. Siku hizi kalamu nyekundu ninaishika mimi, na swali hilohilo naliandika kila muhula.

Turudi kwenye ile pendulamu. Uzi ulikuwa wa mita 0.500, umepimwa kwa rula ya milimita. Tuliiacha ibembee mara 50, stopwochi ikasoma sekunde 70.9. Basi bembea moja ni sekunde 1.418. Kanuni ni g = 4π²L/T², L ni urefu wa uzi na T ni muda wa bembea moja. Urefu una tarakimu tatu muhimu, yaani tarakimu zilizotoka kwenye kipimo chenyewe (sifuri ya mbele haihesabiwi), muda nao tatu. Unapozidisha na kugawanya, jibu halipati tarakimu muhimu nyingi kuliko kile kipimo chenye chache zaidi, kwa hiyo jibu letu lilikuwa 9.82. Zile 6966 za nyuma hazikutoka kwenye uzi wala kwenye stopwochi. Kikokotoo kilizitapika tu kwa sababu kioo chake kina nafasi.

Mwenzangu mmoja wa kikundi alibisha: 50 ina tarakimu muhimu moja, kwa hiyo jibu liwe 10. Hapana. Ile 50 hatukuipima, tuliihesabu, na kitu kilichohesabiwa hakina shaka ndani yake. Vivyo hivyo 4 iliyo kwenye kanuni, na π pia, ambayo unaitumia na tarakimu nyingi upendavyo.

Ila msikate tarakimu mapema. Ukikadiria muda uwe 1.42 katikati ya kazi, g inatoka 9.79. Ukiukata hadi 1.4, unapata 10.1, na hapo utaanza kuulaumu uzi. Acha namba ndefu ndani ya kikokotoo mpaka mwisho, ukadirie mara moja. Kwenye daftari mimi hupiga mstari mdogo chini ya tarakimu ya mwisho ninayoiamini, kisha naendelea na mkia wote.

Sasa umbo la kisayansi, yaani kuandika namba kama 1.5 × 10³ badala ya 1500. Wengi mnalichukulia kama njia ya kufupisha sifuri, basi. Faida yake kubwa ni kwamba linakulazimisha kusema ukweli. Ukiandika mililita 1500, mimi msomaji sijui kama ulisoma chombo chenye alama za mia mia au ulipima hadi mililita moja. Ukiandika 1.5 × 10³ nimejua, na ukiandika 1.500 × 10³ nimejua pia, na hizo si habari moja. Tarakimu muhimu zinahesabiwa kwenye namba ya mbele tu. Kipeo cha kumi hakihesabiwi, hata kikiwa 23. (Dakika tano za bodaboda aliyekwambia "nipo hapo kona" sijui tuziandikeje.)

Kwenye kuzidisha na kugawanya umbo hili halina taabu. Balaa liko kwenye kujumlisha na kutoa, na hapa ndipo ninapotumia wino mwingi zaidi. Chukua 4.52 × 10⁻³ kg ujumlishe na 2.1 × 10⁻⁴ kg. Karibu darasa zima litasema: ya pili ina tarakimu mbili, basi jibu ni 4.7 × 10⁻³. Sivyo. Kwenye kujumlisha huangalii idadi ya tarakimu muhimu, unaangalia kipimo kimeishia nafasi gani, na nafasi hazionekani mpaka vipeo vilingane. Sawazisha kwanza: 2.1 × 10⁻⁴ inakuwa 0.21 × 10⁻³. Zote mbili zinaishia nafasi ya pili ya desimali, kwa hiyo jibu ni 4.73 × 10⁻³ kg, tarakimu tatu.

Kutoa ndiko kunakouma. Umepima kibakuli cha kauri kikiwa kitupu, gramu 21.302. Umekausha mashapo ndani yake, ukapima tena: gramu 21.346. Mizani inakupa tarakimu tano, unajiona tajiri. Toa: 0.044, yaani 4.4 × 10⁻² g. Zimebaki mbili! Kuanzia hapo, hata ukigawanya kwa uzito wa moli moja ya dutu hiyo wenye tarakimu sita, jibu ni la tarakimu mbili. Hakuna hesabu itakayozirudisha. Dawa iko mwanzoni mwa zoezi, kuchukua sampuli kubwa zaidi ili mashapo yawe mengi.

Namba za kudumu zisiwe ndiyo sababu ya jibu lako kupungua tarakimu. Kasi ya mwanga iliwekwa kuwa 299,792,458 m/s kamili mwaka 1983, na namba ya Avogadro (idadi ya chembe katika moli moja) ni 6.02214076 × 10²³ kamili tangu 2019. Kama vipimo vyako vina tarakimu nne, usiingize 3 × 10⁸ kwa uvivu. Tumia 2.998 × 10⁸ au ndefu zaidi.

Kuhusu vidole: kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi kwa kipeo" ndani yake. Anayebonyeza 6.02 × 10 EXP 23 amepata 6.02 × 10²⁴, mara kumi zaidi, na hataona. Na anayegawanya 6.4 × 10⁵ kwa 2.0 × 10³ kwa kutumia kitufe cha kipeo, ^, bila mabano anapata 3.2 × 10⁸ badala ya 3.2 × 10². Kabla hujaamini kioo, toa vipeo kichwani: tano toa tatu ni mbili.

Mwisho, pH, kipimo cha ukali wa asidi, maana kila mwaka inagombewa. Inapatikana kwa kuchukua logi ya ayoni za hidrojeni na kubadili alama yake. Kama ayoni hizo ni moli 2.5 × 10⁻⁴ kwa lita, kikokotoo kinasema 3.60206. Jibu ni 3.60, si 3.6. Ile 3 ya mbele imetokana na kipeo, inakuonyesha tu mahali pa nukta. Zile mbili za 2.5 zinakaa nyuma ya nukta. Waliotafuta logi kwenye kitabu cha majedwali ya tarakimu nne wanalielewa hili haraka, kwa sababu jedwali liliwapa sehemu ya nyuma ya nukta tu, na ile ya mbele waliitafuta wenyewe kutoka kwenye kipeo.