Pesa ya gemu ya Steam hurudi, ila usichelewe

Umeuliza kama pesa inarudi ukinunua gemu Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, halafu laptopu yako isiiweze. Inarudi, kaka. Steam hurudisha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na uwe umeicheza chini ya masaa 2. Kwamba laptopu yako haiiwezi ni sababu tosha. Nina kibanda cha kuchezesha gemu hapa Malindi na nimerudishiwa mara mbili. Zote mbili kosa lilikuwa langu, sikusoma mahitaji ya mashine, na yameandikwa pale pale kwenye ukurasa wa gemu. Soma RAM (kumbukumbu ya mashine), kadi ya michoro, na ukubwa wa gemu pia, maana kupakua GB 100 kwa bando za simu ni gharama nyingine, na hiyo hakuna wa kukurudishia.

PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, ni tofauti: siku ni 14 vilevile, lakini ukishaanza kupakua kwa kawaida hupati kitu, isipokuwa gemu yenyewe ni mbovu. Hapo lawama si yako tena. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020 ikiwa na hitilafu tele kwenye PlayStation 4, Sony waliitoa dukani mwao na kurudishia watu pesa.