Wasanii Waaborijini na familia zilizotawanywa: maswali yenu

Kwa nini wasanii Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, hawaachi habari za familia zao?

Kwa sababu familia ndiyo iliyolengwa. Kwa miongo mingi, hadi kufikia miaka ya 1970, watoto walinyang'anywa mama zao wakalelewa katika misheni na mabweni ili wasahau lugha na kwao. Huko Queensland, sheria ya mwaka 1897 iliwapa maofisa wa serikali uwezo wa kumhamisha Mwaborijini popote walipotaka.

Nianze na kazi ipi?

*kith and kin* ya Archie Moore, wa jamii za Kamilaroi na Bigambul. Kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2024, kuta na dari zilipakwa rangi nyeusi, naye akaandika juu yake kwa chaki, kwa mkono wake, mti wa ukoo unaorudi nyuma zaidi ya miaka 65,000. Sogea karibu uusome. Kuna majina kamili, na kuna mahali ambapo mtu amebaki na tusi tu, lile aliloandikiwa na karani wa kizungu. Kisha kuna mapengo meusi: mauaji ya halaiki, magonjwa, kumbukumbu zilizopotea. Katikati, juu ya maji, zimerundikwa ripoti za uchunguzi wa vifo vya wazawa waliofia mikononi mwa polisi na magereza tangu 1991. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya maonyesho hayo kwa nchi shiriki, ambayo Australia haikuwahi kuipata kabla ya hapo. Kwangu mimi, hakuna kazi ya miaka hii inayoizidi.

Ripoti na majalada kama hayo si ya serikali ileile iliyowatesa? Yanaaminika vipi?

Wasanii hawayaamini, wanayashtaki. Mwaka 2005 msanii Judy Watson, wa jamii ya Waanyi, alichukua nyaraka za Queensland zilizokadiria mtu ana damu ya Kiaborijini kiasi gani ili kuamua kama anastahili kupiga kura, akazichapa upya zikiwa na madoa mekundu.

Nimeona magauni ya magunia ya msanii Dale Harding. Ni mitindo?

La, ni adhabu. Bibi yake alikulia bwenini Woorabinda, makazi ya Waaborijini huko Queensland, ambako wasichana walivishwa magunia wakionekana wamekosea. Harding aliyashona mwaka 2013 na kuyatarizi kwa uzi wa sufu. Woorabinda yenyewe ilianza mwaka 1927, watu wa makazi ya Taroom walipohamishwa kwa nguvu kupisha mradi wa bwawa. Bwawa hilo halikujengwa.

Kazi ya Moore iko wapi sasa?

Serikali ya Australia iliitoa zawadi kwa jumba la sanaa la Tate la Uingereza na jumba la sanaa la Queensland, Brisbane, waimiliki pamoja.