Ligi ya shule za sekondari: msigawe shule, gaweni timu

Mwenzetu ameuliza kama ligi yao ya shule 18 za sekondari, ambamo shule tatu zilezile hupokezana vikombe kila mwaka, igawanywe kwa idadi ya wanafunzi ili shule ndogo nazo zipate nafasi. Nilikuwa mwalimu wa michezo kwa miaka mingi, na kwa misimu saba nilikuwa katibu wa kamati iliyojaribu jambo hilohilo. Tulikosea mara mbili kabla ya kupata mpango uliokubalika, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu wa jibu hili.

Sisi tulianza na idadi ya wanafunzi. Ilitupendeza kwa sababu takwimu zipo tayari na hakuna mkuu wa shule anayeweza kuzibishia. Msimu wa kwanza tu, shule moja ndogo ya bweni, ambayo huchagua wanafunzi kutoka kila upande, iliwekwa daraja la chini katika soka na ikashinda mechi zote, nyingine kwa mabao ambayo mwamuzi aliona haya kuyaandika. Wakati huohuo shule kubwa kuliko zote, isiyo na kiwanja wala kocha, ilipelekwa daraja la juu ikawa inapokea vichapo kila wiki. Kulikuwa na kosa jingine ambalo hadi leo linanikera, kwa kuwa lilikuwa wazi: katika shule za mchanganyiko tulihesabu wavulana na wasichana pamoja, hivyo shule iliyokuwa na wasichana wengi na wavulana wachache ilihesabiwa kuwa kubwa hata katika soka ya wavulana.

Sisemi kwamba ukubwa wa shule hauna maana. Una maana, lakini kwa kiasi kinachotofautiana kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Mpira wa kikapu unahitaji wachezaji watano uwanjani, na wawili wenye kipaji wanaweza kuibeba timu nzima. Ndiyo maana mwaka 1954 shule ya Milan, yenye wanafunzi 161 tu, iliweza kutwaa ubingwa wa jimbo la Indiana, Marekani, kwa kuifunga Muncie Central 32-30. Mbio za nyika ni kinyume chake, kwani kwa kawaida timu huingiza wakimbiaji saba na nafasi za watano wa kwanza ndizo hujumlishwa, kwa hiyo shule yenye bingwa mmoja na wengine wa kujazia haifiki mbali. Soka iko katikati, ila inaelemea upande wa shule kubwa, hasa majeruhi wanapoanza na benchi la akiba likawa tupu.

Wengine wamejaribu kuiwekea viraka hesabu ya wanafunzi. Illinois, jimbo jingine la Marekani, ilianza mwaka 2005 kuzidisha kwa 1.65 idadi ya wanafunzi wa shule zisizofungwa na mipaka ya eneo la uandikishaji. Binafsi siupendi utaratibu wa aina hiyo, kwa sababu huibebesha mzigo uleule shule yenye uwezo na ile inayohangaika, eti kwa kuwa zote ni za aina moja. Indiana, ambayo kuanzia msimu wa 1997-98 iliacha shindano la kikapu la daraja moja, yaani shule kubwa na ndogo kugombea kombe moja, iliidhinisha mwaka 2012 kanuni ninayoiona ya busara zaidi: timu inayofika mbali katika mashindano ya jimbo hujikusanyia alama, na zikitosha ndani ya kipindi cha miaka miwili hupandishwa daraja katika mchezo huo peke yake. Shule hiyohiyo inaweza kuwa juu katika wavu na chini katika soka.

Huko ndiko nasi tulikoishia. Kila mchezo, wavulana mbali na wasichana mbali, ulipangwa katika madaraja matatu ya timu sita kwa kufuata matokeo. Hesabu yenyewe inavutia: timu 18 zikikutana mara moja moja ni mechi 153, na nyingi kati ya hizo mshindi hujulikana kabla ya filimbi; lakini timu sita za daraja moja zikikutana nyumbani na ugenini ni mechi 30 kwa daraja, yaani 90 kwa madaraja yote, na kila timu inacheza mechi 10 zenye ushindani.

Kosa letu la pili lilikuwa kuiga klabu, tukapandisha bingwa na kushusha wa mwisho kila mwaka. Timu ya shule si klabu. Kikosi kilichotwaa ubingwa huenda kikamaliza masomo chote kwa pamoja, halafu watoto wa kidato cha chini ndio wanaopanda daraja kulipia ushindi wa kaka zao. Tuliliona hili kwa macho, timu ya wavu ikifungwa mechi 10 kati ya 10. Baada ya hapo tulitumia wastani wa misimu miwili, na kabla ya msimu kila shule iliruhusiwa kukata rufaa kwa kuonyesha ni wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza wamebaki. Wastani huo ulisaidia pia dhidi ya timu zinazolegeza makusudi ili zisipande, maana mechi moja ya kuachia haibadilishi kitu. Tofauti ya mabao tuliihesabu hadi matatu tu, ili asiwepo anayefaidika kwa kumdhalilisha mnyonge.

Malalamiko makubwa hayakuhusu haki hata kidogo. Yalihusu watani wa jadi waliotenganishwa madaraja, na nauli. Watani tuliwawekea siku moja ya mechi isiyo na alama, na watazamaji walijaa kuliko kwenye fainali. Nauli hatukuipatia dawa kamili. Shule mbili za pembezoni tuliziruhusu zicheze mechi zao mbili dhidi ya mpinzani mmoja katika safari moja, Ijumaa na Jumamosi.

Jambo la mamluki lishughulikieni kwanza, kwa sababu mchezaji asiye mwanafunzi huharibu matokeo ambayo mpango mzima unayategemea. Kisha msimu wa kwanza msigawe chochote. Wekeni kumbukumbu za mechi zote kwa kila mchezo, na mkiwa na za miaka miwili iliyopita anzeni na hizo. Idadi ya wanafunzi itumieni kwa shule mpya tu, isiyo na matokeo yoyote, na mkihesabu wavulana kwa timu ya wavulana na wasichana kwa ya wasichana.