Re: Regyuleta ya zamani inavuja hewa mdomoni baada ya kubadilisha oringi

Salama mkuu. Kumbe hiyo regyuleta yako ya kupigia mbizi ukifungua mtungi inatulia kabisa, halafu baada ya dakika kama moja ndo inaanza psss isiyoisha. Usihangaike na sekondi steji (ile sehemu ya mdomoni) kwanza, funga geji ya presha ya kati (ile ya kwenye hosi, kati ya steji mbili) uiangalie, nyingi zinakaa kama bar 9 hadi 10, mshale ukisimama hapo sawa, ukizidi kupanda taratibu basi siti (kile kizibo cha valvu) ya festi steji, ile inayofungwa kwenye mtungi, haizibi na hewa inatafuta pa kutokea. Fungua umulike ule ukingo wa shaba siti inapokalia, pitisha lenzi, mkwaruzo mwembamba kama unywele unatosha kukusumbua. Ukingo ukiwa mzima, weka siti mpya. Grisi iwe ya silikoni, mafuta ya mashine hapana! Modeli yako sijawahi kuifungua, kwa hiyo tupia picha ya huo ukingo.