Soma Kurasa za Mwanzo, Lakini Usimhukumu Mchoraji kwa Hizo

Kitabu kikifika dukani, mwandishi ameshamalizana nacho. Katuni inayotoka mtandaoni mara tatu kwa wiki bado iko mikononi mwa mchoraji, na wakati wewe unaandika uhakiki wake, yeye yuko mezani anachora ukurasa unaofuata. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kuhusu katuni za mtandaoni. Linabadilisha namna ya kuzitafuta, ya kuzihakiki, na zaidi sana namna ya kuzungumza na wanaozichora.

Chukua Gunnerkrigg Court ya Tom Siddell, Mwingereza aliyeianza mwaka 2005. Sura ya kwanza ina watu wa vichwa vikubwa, miili myembamba na mistari yenye kona kali. Ruka mbele miaka kumi, utadhani kalamu imeshikwa na mtu mwingine. Msomaji mwenye haraka husoma kurasa chache za mwanzo, akasema michoro ni dhaifu, akaenda zake. Mimi hushauri hivi: maliza sura ya kwanza yote, kisha nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa karibuni kabisa, uutazame tu, hata kama huelewi nani ni nani. Umbali kati ya kurasa hizo mbili utakuonyesha kama mchoraji anajifunza. Kama anajifunza, rudi sura ya pili uanze safari kwa utulivu, maana utamshuhudia akikua.

Usiyependa kusubiri, anza na hadithi iliyokwisha. Digger ya Ursula Vernon, Mmarekani, ilikamilika 2011 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Hugo, inayotolewa kwa hadithi za sayansi ya kubuni na za miujiza. Ni ya nyeusi na nyeupe, na inamfuata wombati, mnyama wa Australia anayechimba mashimo, ambaye anachimba akapotea, akaibukia ndani ya hekalu mbali na kwao. Ni fundi wa migodi asiye na muda na miungu, na humo miungu imejaa tele. Sijaona hadithi ya picha inayoheshimu akili ya kazi za mikono kuliko hii.

Kuhusu kutafuta, njia ninayoiamini ni kurasa za wageni. Mchoraji akiugua, akioa au akichoka, wenzake humshikia nafasi kwa kumchorea kurasa kadhaa, na jina la kila mgeni huandikwa hapo pamoja na njia ya kufika kwake. Fuata majina hayo. Wachoraji hualika watu wanaowaheshimu, kwa hiyo unapewa ushauri na mtu anayejua kazi. Orodha za tuzo pia zinasaidia, hasa za Eisner, tuzo za katuni za Marekani, ambazo zilifungua kipengele cha kazi za kidijitali mwaka 2005. Aliyeshinda mwaka ule ni Brian Fies kwa Mom's Cancer, hadithi ya ugonjwa wa mama yake ambayo mwanzoni aliitoa bila kuweka jina lake. Usiishie kwa washindi, soma na walioteuliwa.

Huku kwetu mambo ni tofauti kidogo. Waliokua wakisubiri Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye jarida la Sani wanaujua utamu wa hadithi ya picha inayokuja kwa vipande. Leo vijana wengi wanaochora kwa Kiswahili huweka kazi zao Instagram, ambako kipya hukaa juu na cha zamani huzama. Kuisoma hadithi yao kwa mpangilio ni lazima ushuke mpaka chini kabisa, uanze kupanda. Ni kazi ya kuchosha na inakula bando, na ndiyo sababu wasomaji wachache sana wanaifanya. Ifanye. Ukimwandikia mchoraji baada ya hapo, atajua kwenye mstari wa kwanza kwamba umesoma.

Sasa uhakiki wenyewe. Taja ulisoma kutoka wapi mpaka wapi na kwa tarehe gani, kwa sababu kazi itaendelea kubadilika baada yako. Taja pia ulisomea kwenye nini. Katuni za xkcd za Randall Munroe, zinazotoka tangu 2005, zina sentensi ya ziada inayojitokeza ukiweka mshale wa kompyuta juu ya picha, na mara nyingi utani mkubwa umo humo. Anayesoma kwa simu bila kujua ameikosa nusu ya kazi. Mwaka 2013 huyo huyo alitoa katuni iitwayo Time, yenye picha zaidi ya 3,000 zilizokuwa zikibadilika zenyewe mahali pale pale kwa muda wa miezi minne. Ukiihakiki hiyo kwa kutazama picha moja, umehakiki nini?

Na katuni za kushuka chini kwa kidole, mtindo uliokomaa Korea Kusini kupitia jukwaa la mtandaoni la Webtoon, zina sarufi yake. Nafasi tupu kati ya picha mbili ni muda. Mchoraji akikulazimisha ushuke weupe mrefu kabla mlango haujafunguliwa, hiyo ni pumzi aliyoipima makusudi. Nimesoma uhakiki unaolalamika kwamba katuni za namna hii "zina nafasi nyingi zisizo na kitu", nikasikitika, maana aliyeandika alikuwa na macho mazuri lakini kipimo alichobeba kilikuwa cha ukurasa wa karatasi.

Andika pia mapema. Nimona ya ND Stevenson ilitoka bure mtandaoni kuanzia 2012 hadi 2014. Ilipochapwa kitabu 2015, sehemu kubwa ya kurasa zile iliondolewa mtandaoni. Mchoraji ana haki kamili ya kufanya hivyo. Lakini maelezo ya namna kazi ilivyopokelewa ukurasa kwa ukurasa hubaki tu kama kuna mtu aliyeyaandika wakati ule. Weka fremu moja au mbili kama mfano, kisha mpeleke msomaji kwa mwenye kazi. Ukibandika ukurasa mzima unamnyang'anya wasomaji.

Kusifu tu si uhakiki, na sisemi ufiche udhaifu. Ila kwa kijana mwenye kurasa kumi tu, asiyemuuzia mtu chochote, kasoro mwandikie yeye mwenyewe faraghani. Mwenye kazi ya miaka mingi na wafuasi wengi, huyo sema hadharani, kwa mifano.

Ukitaka mahojiano, tumia anwani aliyoiweka mwenyewe, jitambulishe kwa sentensi mbili, na uliza maswali machache. Anayeandika Kiswahili mwandikie Kiswahili, tena kwa heshima ya kawaida. "Habari za kazi" inafungua mlango kuliko sifa ndefu. Usiulize ukurasa ujao unatoka lini. Usiulize anapata wapi mawazo. Habari za fedha ziulize tu akikubali, na usimpime kwa mifano mikubwa: Rich Burlew wa The Order of the Stick alichangiwa na wasomaji zaidi ya dola milioni 1.2 mwaka 2012, lakini wengi wanaochora wana kazi nyingine inayolipa kodi ya nyumba.

Swali ambalo halijawahi kuniangusha ni hili: taja ukurasa mmoja kwa namba yake, sema ulichokiona, kisha uliza kwa nini aliamua hivyo. Nilimuuliza mchoraji mmoja wa Dar es Salaam kwa nini ukurasa wa kituo cha daladala hauna uso wa mtu hata mmoja, ni migongo na miavuli tu. Akanijibu kwa ujumbe mrefu kuliko mahojiano yote yaliyotangulia: alivyokwenda kusimama kituoni kwenye mvua, alivyochora nyuso akazifuta, na kwamba tangu autoe ukurasa ule hakuna aliyekuwa amemuuliza.