Mama ana miaka 89: apasuliwe au aachwe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 89, amekutwa na saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa. Moyo wake ni mzima, kisukari hana. Lakini daktari wa upasuaji, badala ya kutupa tarehe, alimwambia ainuke kitini atembee, akauliza nani humwogesha na kama amepungua uzito. Kisha akasema turudi baada ya wiki mbili. Ndugu zangu wanasema ameshamkatia tamaa kwa sababu ya uzee. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Sidhani. Kazi yangu ni kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya kupasuliwa, na maswali hayo nami huyauliza. Kuna wa miaka 92 anayejihudumia kwa kila kitu, na kuna wa 74 asiyesimama bila kushikwa. Ninayemhofia ni huyu wa pili.

Daktari wenu alikuwa anapima akiba ya mwili, yaani nguvu iliyobaki ya kustahimili upasuaji. Mwaka 2001 daktari wa Marekani, Linda Fried, na wenzake walitaja dalili 5 za udhaifu wa uzeeni: kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kupunguza shughuli. Mwenye 3 au zaidi ana udhaifu huo. Moyo waweza kupiga vizuri kabisa huku misuli imekwisha, na kipimo cha moyo hakitakuambia.

Mara nyingi upasuaji wenyewe hupita salama na ndugu hushangilia. Balaa huja siku ya pili au ya tatu: mgonjwa hajui alipo, anang'oa mpira wa mkojo, usiku kucha anamwita mumewe aliyekwisha kufa. Akilala kitandani misuli inazidi kwisha, nimonia inanyemelea, na aliyeingia hospitali akitembea anatoka akiwa wa kubebwa hadi chooni. Basi mwulizeni daktari waziwazi: baada ya miezi mitatu atakuwa anaweza nini?

Hata hivyo, msikatae kwa woga. Uvimbe ukiziba utumbo atapasuliwa kwa dharura, na hapo hatari ni kubwa kuliko ya upasuaji uliopangwa. Ulizeni pia kama anafaa kupasuliwa kwa matundu madogo.

Wiki hizo mbili zitumieni. Uvimbe wa utumbo huvuja damu kidogo kidogo, kwa hiyo ombeni apimwe wingi wa damu na madini ya chuma. Kama anachoka, huenda sehemu ya uchovu huo inatibika. Apate chakula chenye protini, atembee kidogo kila siku, ainuke na kuketi mara kadhaa. Dawa zake zote mpelekeeni daktari, hasa za kumsaidia kulala usiku, kwa sababu baadhi huchochea kule kuchanganyikiwa; ila msizikatishe ghafla wenyewe. Akilazwa, miwani na kifaa chake cha kusikia, kama anavyo, viwe naye wodini, na mtu anayemfahamu akae karibu.

Barua yako imetaja maneno ya daktari na ya ndugu zako. Ya mama sijayaona. Kama akili yake ni timamu, uamuzi ni wake. Mwulizeni ni kitu gani hayuko tayari kukipoteza, na aulizwe na mtu mmoja anayemwamini, ukoo mzima usijazane chumbani.