Maswali na Majibu: Picha ya Mubashara Inapoganda Kwenye VLC

SWALI: Assalaam alaykum. Barazani petu tunatazama mpira kwa laptopu iliyoungwa na televisheni kwa waya wa HDMI, tunatumia VLC, programu ya kuchezea video. Ruta iko ghorofa ya pili, sisi tuko chini. Kila nusu dakika picha inaganda, kisha inaruka mbele. Kijana wetu mmoja alipandisha "Network caching" hadi 60000. Sasa mpira unachelewa kuanza na bado unaruka. Tufanyeje?
Msomaji, Mji Mkongwe

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kwanza iondoeni hiyo 60000. Namba ile ni milisekunde, kwa hiyo mmeiambia VLC iweke akiba ya dakika nzima. Akiba hiyo ni kama tangi la maji juu ya paa: linafaa pale maji yanapokuja kwa kukatikakatika lakini kwa jumla yanatosha. Mfereji ukitoa kidogo kuliko mnachotumia, tangi liwe kubwa vipi litakauka tu, ila litachelewa. Tena mubashara huja kwa vipande, na seva huweka orodha ya vipande vichache vya mwisho. Mkibaki nyuma sana, kipande mnachokitaka kimeshaondolewa, ndipo picha inaporuka.

VLC inakuja na 1000, yaani sekunde 1. Wekeni 3000, ikibidi 5000, msizidi hapo. Bonyezeni Ctrl+N, bandikeni linki, tieni alama kwenye "Show more options" na andikeni namba hiyo kwenye "Caching".

Sasa tafuteni ugonjwa uko wapi. Mpira ukiwa unacheza, bonyezeni Ctrl+J, fungueni "Statistics", mtazame dakika mbili tatu bila kugusa kitu. Ikiwa "Lost frames" (picha zilizoachwa) inapanda mfululizo huku data inaingia vizuri, laptopu ndiyo inayoshindwa: fungeni programu nyengine, au jaribuni kubadili "Hardware-accelerated decoding" (kadi ya picha kusaidia kufungua video) iliyomo kwenye Ctrl+P, sehemu ya "Input / Codecs". Lakini ikiwa "Input bitrate" (kasi ya data inayoingia) inashuka hadi sifuri na kukaa hapo kila picha inapoganda, tatizo liko njiani. (Kupanda na kushuka kwa sekunde chache ni kawaida, kwa sababu vipande huja kwa mikupuo.)

Kwa maelezo yenu, mimi ningeshuku kuta kabla ya kitu chengine chochote. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, na waifai ya 5 GHz, moja ya masafa mawili ya ruta, hupenya ukuta kwa shida kuliko ile ya 2.4 GHz. Chukueni laptopu mkaiweke karibu na ruta kwa dakika kumi. Ikicheza safi hapo, msilaumu bando wala linki. Dawa yenyewe ni waya: kebo ya mtandao ya Cat5e inafika mita 100, na kuiteremsha kwenye ngazi hadi chini ni kazi ya saa moja. Ikiwa mwenye nyumba hataki waya, tumieni 2.4 GHz na muiwekee ruta chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Ikiganda hata kwa waya, basi huenda kasi haitoshi. Picha kali ya 1080p kwa megabiti 5 kwa sekunde inakula takriban GB 2.25 kwa saa. Ya 720p kwa megabiti 2.5 inakula kama GB 1.1. Linki yenye viwango kadhaa mnaweza kuilazimisha ishuke: Ctrl+P, chini kushoto chagueni "All", kisha "Input / Codecs", "Demuxers", "Adaptive", na kwenye "Adaptive Logic" mchague "Lowest Bandwidth/Quality". Picha itapungua ukali, lakini mtaliona goli.

SWALI: Tuko Wete. Tumefunga kamera inayoangalia karafuu tulizoanika, tunaitazama ndani kwa VLC kwa anwani ya rtsp, ile njia ya kamera kutuma video kwenye mtandao. Picha inavutika kama rangi iliyomwagiwa maji, inajaa mabaka ya kijivu, kisha inanyooka yenyewe.
Msomaji, Wete

JIBU: Dada yetu, kamera haitumi picha kamili kila mara. Hutuma moja kamili, halafu zinazofuata hubeba mabadiliko tu. Pakiti ikipotea njiani, mabadiliko yanapachikwa juu ya picha mbovu, na mabaka yanabaki hadi ije picha kamili nyengine. Zinapotea kwa sababu VLC kwa kawaida huipokea video ya rtsp kwa UDP, ambayo haiulizi kilichopotea. Nendeni Ctrl+P, "Input / Codecs", chini kabisa kwenye "Live555 stream transport" chagueni "RTP over RTSP (TCP)", njia inayotuma tena kilichopotea, bonyezeni "Save", kisha simamisheni video na muifungue upya.

Halafu ingieni kwenye mipangilio ya kamera. Ikiwa inatoa fremu 25 kwa sekunde, wekeni "I-frame interval" 50, ili picha kamili ije kila sekunde 2. Laptopu ikiwa ya zamani, badilisheni namna ya kubana video, H.265 iwe H.264, kwani ile ya kwanza inaitaabisha sana. Na kama nywila ina alama ya @, ndani ya anwani iandikeni %40, la sivyo VLC itakata anwani mahali pasipo pake. Nywila ya kiwandani ibadilisheni leo hii, na msifungue mlango (port) 554 wa ruta, unaopitisha rtsp, kwa intaneti. Mwizi wa karafuu asije akaangalia uwanja wenu kupitia kamera yenu wenyewe.

SWALI: Linki ya .m3u8 (orodha ya vipande vya matangazo) ilifunguka jana usiku, leo inakataa. Nimefuta VLC nikaiweka upya, bado.
Msomaji, Chake Chake

JIBU: VLC haina kosa. Bonyeza Ctrl+M, weka "Verbosity" 2, kisha fungua linki tena usome. Ukiona 404, faili halipo tena pale. Ukiona 403, seva imekukatalia: linki nyingi hubeba alama ndefu ya ruhusa inayokwisha baada ya saa kadhaa, kwa hiyo rudi kwenye ukurasa wa mwenye matangazo uchukue mpya. Ukiona lalamiko la cheti (certificate, uthibitisho wa seva ya https), tazama tarehe ya kompyuta. Ikiwa ni ya mezani na umeme ulikatika, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu huenda imekufa na saa imerudi nyuma miaka. Sahihisha tarehe, ubadilishe betri hiyo, na linki ya https itafunguka.